Mama Aliyeketishwa

Hamburg, 6 Februari 1994

Mama yangu,

Nakuamkia, ingawa najua barua hii itakukuta umeamka zamani, mikono imejaa unga.

Jumapili tulikuwa na mkutano wa watu wa Mankessim tunaoishi huku. Nilisimama kusema kila mtu aongeze mchango wa choo cha shule. Kojo Quansah akanitazama, akasema mbele ya wote, "Kaka Ekow, kabla ya choo cha shule, mketishe mama yako kwanza. Mwezi jana nilikuwa nyumbani, nikanunua dokono za mahindi kwake pale makutano. Alikuwa na masizi usoni." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini. Lakini chakula cha siku ile nilikiacha mezani.

Unajua kwetu Ghana ilivyo. Mtoto akifika Ulaya, mama huketi. Mimi niko huku mwaka wa sita naosha mabehewa ya treni, na wewe bado unapuliza moto. Nimeona haya, Mama.

Basi nimekwenda benki. Kuna dada mmoja mpole pale, amenichorea mpango wa maisha yangu kwenye karatasi moja. Mstari wa kwanza ni wewe, kila mwezi bila kukosa. Wa pili ni nyumba yetu. Wa tatu ni siku nitakayorudi kwa miguu yangu, maana karatasi nilizonazo sasa zinaniruhusu kukaa tu, nikitoka siingii tena. Dada akauliza, "Na mama atakuwa akifanya nini?" Nikamwambia, atapumzika. Akaandika.

Kuanzia Pasaka usiuze tena. Sufuria na pipa mpe dada yangu Baaba, na mahali pako makutano mpe yeye. Ni mtoto wa mdogo wako, riziki haijatoka nje ya nyumba. Wewe umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao,
Ekow


Mankessim, 10 Aprili 1994

Mwanangu Ekow, baba yangu,

Barua nimepokea, fedha nimepokea, na koti nimepokea. Koti hilo kwa joto la hapa labda nilivae ndani ya jokofu la muuza samaki. Mungu akubariki hivyo hivyo.

Huyo Kojo Quansah mwambie alikula dokono tatu akalipa mbili. Nilimwachia kwa heshima ya marehemu bibi yake.

Ulilosema nimelifanya. Jumamosi ya Pasaka nilipika mara ya mwisho. Kanisani mke wa mchungaji alinisimamisha, akasema kuna wanawake wanaozaa watoto na kuna wanawake wanaozaa wana. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu mpaka nikajikwaa. Sikudanganyi, nilifurahi. Baaba alilia nilipompa sufuria.

Neno moja tu, wala usilipe uzito. Kazi yetu hii ukiloweka mahindi leo, unayasaga keshokutwa, unga unachacha, na dokono yenyewe unaiuza siku ya nne au ya tano. Miaka thelathini na moja sijalala usiku hata mmoja bila kitu kinachonisubiri ndani ya pipa. Na nikifika makutano, kila anayenunua ananiambia kwake kumelalaje. Nani kajifungua, nani kapigwa, dereva gani hajala tangu jana. Juzi nilikwenda kufunua pipa kwa mazoea, nikakuta hakuna pipa. Nikajicheka.

Sasa niambie wewe mtu wa mipango. Mwanamke akishaketi, asubuhi anafanya nini? Dada wa benki hakuandika?

Mama yako,
Esi Nyarkoa


Mankessim, 28 Agosti 1994

Baba yangu,

Umenijibu kwamba asubuhi nilale. Haya, najifunza. Si somo gumu, hata paka wa jirani analiweza.

Kiti cha sofa ulichosema ninunue nimenunua. Kiko barazani. Kina rangi ya maini, na ukikaa kinakumeza mpaka mtu aje akuvute mkono. Watu wanakisifu.

Mimi mzima. Nakula, nanenepa. Jumamosi naenda mazishini. Wiki ile nilikuwa Saltpond, juzi Ajumako. Marehemu wa Ajumako sikumjua, lakini ukishavaa nguo nyeusi nani atakuuliza? Nikirudi nakuwa nimechangamka.

Mama yako,
Esi


Hamburg, 30 Oktoba 1994

Mama,

Nimefurahi kusikia unanenepa. Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu, wamecheka sana habari ya kiti.

Ila hili la mazishi linanisumbua. Kojo kaambiwa na dada yake kwamba umeshaenda mazishi kumi na moja tangu Juni, na mengi ni ya watu ambao hata yeye hawajui. Kila mazishi lazima mkono uingie mfukoni. Mpango wangu hauna mstari wa wafu, Mama. Kama kuna wanawake wanaokuvuta huko kwa kuwa wamesikia una mtoto Ulaya, niambie majina yao.

Nimemwandikia Baaba pia aniangalizie. Usikasirike.

Mwanao,
Ekow


Mankessim, 8 Januari 1995

Kaka Ekow,

Umeniuliza nani anamvuta Mama Mkubwa mazishini. Hakuna anayemvuta. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ukweli unanihusu, nami si shujaa.

Mama Mkubwa huamka saa kumi za alfajiri kama zamani. Anafunga kitambaa kichwani, anakaa kwenye kibao jikoni mbele ya mafiga yasiyo na moto. Kukipambazuka anaoga, anavaa vizuri, anakwenda kukaa kwenye kile kiti. Watu wakipita wanamwambia, "Mama Esi, umeketi." Anajibu, "Nimeketi." Basi ndiyo hiyo mpaka jioni. Kanisa ni Jumapili na Alhamisi tu. Chakula anachokuambia anakula, hali. Nguo zimempwaya.

Mwezi wa kumi alianza kuja uani kwangu. Akasema, "Baaba, niache tu nikufungie dokono kwenye majani, usinilipe." Siku ya kwanza nilimwachia. Alifunga haraka kuliko mimi na wasichana wangu wawili, huku anatuchamba kwamba vifundo vyetu vinafanana na vya watu wenye homa. Tulicheka siku ile, Kaka. Siku ya pili jirani akachungulia juu ya ukuta. "Baaba, mama wa mtu wa Ulaya ndiye unamfanya kijakazi?" Nikakuogopa wewe. Nikamwomba asije tena.

Alikuja. Nikafunga mlango wa uani kwa komeo. Alibisha mara moja, hakurudia. Nilijua kasimama nje, kivuli chake nilikiona chini ya mlango. Nilikuwa nafunga majani huku nalia.

Kuhusu mazishi, nilimfuata Jumamosi moja ili nikupe jibu. Ilikuwa mbali, mji ambao hakuna amjuaye. Nikamkuta nyuma ya nyumba kajifunga kanga kiunoni, anaosha masufuria na wanawake wa pale. Wanamwita, "We mama, lete maji," naye anapeleka. Mazishini hawaulizi mtoto wako yuko wapi. Ukifika na mikono miwili unapewa kazi. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Jioni ile ndiyo nilimwona akila.

Sasa unajua.

Dada yako,
Baaba


Hamburg, 5 Februari 1995

Mama,

Baaba kaniandikia. Usimgombeze. Kwa nini hukuniambia? Mimi nilikuwa nikisoma barua zako nacheka.

Basi pika. Kidogo, mara mbili kwa wiki, na ukichoka acha. Baaba akupe nafasi pembeni yake. Watu wakiuliza, waambie unanyoosha viungo, daktari kasema. Fedha yangu itakuja vile vile kila mwezi, hilo halibadiliki.

Umefurahi sasa?

Ekow wako


Mankessim, 23 Aprili 1995

Baba yangu Ekow,

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Siku hiyo hiyo niliazima pipa kwa Baaba, nikaloweka mahindi. Usiku nilikwenda kuyagusa.

Jumanne nikafika makutano na dokono arobaini na nane za moto. Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Otoo, fundi cherehani. Unamkumbuka, ndiye aliyekushonea kaptura yenye mguu mmoja mrefu. Badala ya kunyoosha bakuli alivua kofia.

"Mama Esi, ilitokea lini?"

"Nini?"

"Ekow."

Nikamwambia Ekow mzima. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwitikia mgonjwa, akanitia noti mkononi, akaondoka bila dokono. Kufika saa tatu wanawake wa kanisa walikuwa wamefika, wawili wakiwa na nguo nyeusi. Nikaapa kwamba unaishi. Mama Ewurabena akasema, "Bwana asifiwe. Sasa wamemfunga gereza gani?" Yaani kwao hakuna njia nyingine. Mama aliyeketishwa haamki tena mpaka mtoto awe kafa au kafungwa.

Kila mtu alitoa rambirambi. Hakuna aliyenunua. Waliposhawishika kwamba kweli u mzima na unatuma, ikawa mbaya zaidi. Nilimsikia mmoja akisema, "Ana mtoto Ulaya, na bado anagombania vijisenti na Baaba." Wiki mbili nimejaribu. Rambirambi nimezirudisha moja moja kwa wenyewe. Dokono zililiwa na mbuzi.

Nimefikiri sana, na nimeona njia moja tu. Niruhusu niseme umeanguka. Kwamba kazi imekwisha huko na hutumi tena. Na kweli usitume, maana posta ya hapa ina midomo. Mwezi wa kwanza watanicheka, wa pili watanihurumia, wa tatu watakuwa na njaa kama kawaida, watanunua. Na Baaba tutagawana siku, nimeshaongea naye.

Najua ninachokuomba. Jina la mwanaume si kitambaa cha kuazimana. Watakusema kwenye mkutano wenu, na huyo Kojo atacheka mpaka meno yamtoke. Lakini wewe bado kijana, utalisafisha ukirudi. Mimi nina miaka sitini na saba, na kila asubuhi nikiamka hakuna hata punje moja inayonihitaji. Ekow, inaniuma. Sijui niseme vipi uelewe. Inaniuma kama njaa, na fedha yako hailishi hapo.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Esi Nyarkoa


Hamburg, 16 Julai 1995

Mama yangu,

Umesema nijibu upesi, nami nimekaa na barua yako karibu wiki kumi. Nisamehe. Nilianza kuandika mara nne.

Nikuambie na mimi asubuhi yangu, maana sijawahi kukuambia. Naamka saa tisa za usiku. Nje giza na baridi ya kukata masikio. Karakana ina safu ya mabehewa usiyoiona mwisho. Watu wametapika humo, wamefanya mengine nisiyoweza kukuandikia. Ninapoingiza mkono kwenye ndoo najiambia neno moja: sasa hivi Mama amelala. Najisemea hivyo behewa baada ya behewa. Ndicho kitu pekee kizuri katika kazi yangu. Ukikiondoa, nitakuwa mtu anayeosha uchafu wa wageni, basi.

Halafu wamenichagua katibu wa mkutano. Ni mara ya kwanza huku mtu kuniita Bwana.

Nyumba imefika kwenye lenta. Ukinipa miaka miwili, mitatu, paa litakuwa juu na karatasi zangu zitakuwa zimekamilika. Nitarudi. Utapika mbele yangu, nimekaa pale pale, watu wananiona kwa macho yao, hakuna atakayesema nimekufa. Vumilia kidogo tu. Uliponisubiri kukua ulivumilia zaidi.

Usiniombe tena hilo, Mama, tafadhali. Siwezi.

Ekow


Mankessim, 20 Agosti 1995

Baba yangu,

Nimeelewa. Sikujua kwamba usingizi wangu ndio unaokuamsha wewe. Ungeniambia mapema nisingekusumbua.

Basi nitalala. Osha mabehewa yako kwa amani.

Paa likianza niambie, nije niwapikie mafundi maji ya chai angalau.

Mama yako


Hamburg, 3 Novemba 1995

Mama,

Niliteleza kwenye ngazi ya behewa, kifundo cha mkono kikavunjika. Usiogope, kimefungwa vizuri. Huku ukiumia kazini unakaa nyumbani na mshahara unakuja wote. Wenzangu walisema nina bahati.

Siku tatu nililala. Ya nne nikasafisha chumba. Ya sita nikasafisha tena. Siku ya tisa nilivaa nguo za kazi saa tisa za usiku, nikatembea mpaka lango la karakana, nikasimama nje. Mlinzi akauliza nimesahau nini. Nikarudi chumbani nikaitoa barua yako ya Aprili mwaka huu, nikaisoma kama iliyofika siku hiyo. Mimi imenishinda siku tisa, na ninajua nitarudi kazini. Wewe ni mwaka na nusu.

Mama, sema nimeanguka. Sema nimefungwa, sema nimekuwa mlevi, chagua mwenyewe linalouza zaidi. Mwezi huu situmi kitu. Kojo nitamwambia mimi mwenyewe, na ukatibu nitaurudisha.

Loweka mahindi leo leo.

Mwanao mjinga,
Ekow


Mankessim, 24 Novemba 1995

Kaka Ekow,

Pole sana. Simu ulipigiwa, kwa hiyo unajua. Barua yako ya tarehe tatu ilifika tarehe ishirini na moja. Mama Mkubwa alikuwa ametuaga tarehe kumi na sita. Nimeifungua mimi. Nisamehe kwa hilo pia.

Umeuliza alikuwaje mwishoni. Tangu ile barua yako ya Julai aliacha kuamka. Si kwamba alikuwa anaumwa. Nilipokwenda kumwangalia alfajiri nilimkuta kitandani, shuka mpaka shingoni, macho wazi anatazama dari. Nikamwambia, Mama Mkubwa, inuka basi ukae nje upate hewa. Akasema, "Hapana. Saa hizi Ekow yuko na ndoo yake. Ameniambia anafikiri nimelala. Sitaki awe anadanganywa." Alilala hivyo mpaka saa mbili, saa tatu, kila siku. Mazishini hakwenda tena. Daktari alisema ni moyo, shinikizo la damu, ameandika jina refu kwenye cheti.

Siku yenyewe nilimkuta hivyo hivyo, chali, mikono imelala pembeni. Nilikaa naye muda nikidhani ananisikia.

Baaba


Hamburg, 10 Desemba 1995

Baaba,

Nimekwenda kuomba ruhusa ya kusafiri, wamekataa. Nikitoka sirudi. Nikasema basi nisirudi, halafu nikakumbuka ni nani atalipa mazishi. Kwa hiyo hata kumzika sitamzika.

Gharama yote nimetuma. Nakuomba jambo moja. Siku hiyo wakianza kunisifu, na najua watanisifu, simama. Waambie mama aliniomba arudishiwe asubuhi zake, nikamnyima kwa sababu ya jina langu. Waambie hakuwa akilala kwa kutaka, mimi ndiye niliyemlaza. Wasomee barua yake ya Aprili, nimeiweka humu ndani. Isome yote, na habari ya mbuzi. Nataka kila mtu pale Mankessim ajue.

Alitaka niharibikiwe jina. Sasa naliharibu, na unisaidie.

Ekow


Mankessim, 14 Januari 1996

Kaka Ekow,

Tumemzika jana, baada ya miezi miwili mochari kama ilivyo kwetu. Watu walijaa mpaka barabarani, viti vya kukodi havikutosha. Jeneza lilikuwa zuri. Kila mtu aligusa mbao zake.

Walikusifu, kama ulivyosema. Msemaji wa ukoo alisimama akasema Esi Nyarkoa hakufa na masizi mikononi, alikufa kwenye kitanda chake, saa ya kulala, kwa sababu alizaa mwana. Wanawake wakaitikia. Nikasimama. Barua zote mbili nilikuwa nazo mkononi, yako na yake, na wote waliniona nazo.

Sikuzisoma. Lazima nikuambie kwa nini. Mwezi wa tisa Mama Mkubwa aliniita kitandani kwake. Akaniambia, "Baaba, nilimwomba Ekow kitu kibaya. Nilimwomba jina lake, na ndilo pekee alilonalo huko. Ukimsikia mtu yeyote anamsema vibaya hapa, mnyamazishe. Hata akiwa yeye mwenyewe." Alirudia maneno hayo ya mwisho, akanishika mkono mpaka nikaitikia.

Kwa hiyo nilisema alikula vizuri na alilala vizuri. Nikaketi. Nilijifunika uso, wakadhani ni majonzi tu.

Baada ya chakula wanaume watatu walinifuata, wamekomaa, mmoja ana watoto. Waliniomba anwani yako. Wanataka kuja huko kutafuta kazi, wawaketishe mama zao kama wewe.

Nimewapa.

Dada yako,
Baaba